Mzuka Mpya wa Mume Wangu

Nyinyi mnaonitumia ujumbe kwamba nimmwagie yule binti maji ya moto, nawaomba mtulie. Maji ya moto sikummwagia. Nilichomfanyia ndicho ninachokileta leo, na msinihukumu kabla sijafika mwisho.

Aliyekosa gazeti la wiki jana, haya, asogee. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu anapiga video za harusi, na hiyo ndiyo kazi inayotuweka mjini. Kazi anayoipenda ni nyingine: kutengeneza filamu za kutisha, humo humo ndani ya vyumba vyetu viwili. Mtaani wanamwita Baba Mizuka, naye anaitika kwa raha zake.

Tulikutana kwa balaa. Alikodiwa kurekodi sherehe ya uchumba wangu, kisha harusi yangu, na bwana harusi hakuwa yeye. Siku ya harusi wageni walikuja, keki ikaja, mpiga video akaja, bwana harusi hakuja. Mwanamume aliyekuwa akiniita Kinanda, peke yake duniani, kwa sababu ya sauti yangu, aliniacha nimekaa kwenye kiti cha maua mbele za watu. Mpaka leo sijaambiwa kosa langu.

Wageni waliondoka wakinong'ona. Mpiga video akabaki. Akazima kamera, akaniambia, "Dada, hii sitamwonyesha mtu." Huyo ndiye aliyenioa.

Filamu zetu zote tatu, mzuka ni mimi. Shuka jeupe kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, uso hauonekani, kazi yangu kutokea na kupiga yowe. Na yowe langu, tusidanganyane, si la mchezo. Jirani yetu wa ukuta mmoja alishaangusha sufuria la chakula kwa ajili yangu, akaja kunitukana, halafu akaomba kuiona filamu.

Basi mume wangu akatangaza kwamba filamu ya nne mzuka lazima awe na uso. Nikafurahi, nikasuka nywele. Kumbe uso aliouzungumzia si wangu! Aliupata kwenye harusi ya watu: msimamizi wa bibi harusi, binti wa macho makubwa, ambaye tangu siku hiyo namwita Macho. Alimrekodi mpaka bibi harusi mwenyewe akaja nyumbani kulalamika kwamba katika video ya harusi yake yeye hayumo, yumo msimamizi.

Niliwaachia hapo. Macho amesimama mlangoni kwangu na mkoba begani, na mume wangu ananiambia, "Mke wangu, huyu ndiye mzuka. Wewe utakuwa sauti."

"Sauti?" nikamuuliza. "Sauti ya nani?"

"Ya mzuka. Yeye hajui kupiga yowe. Atafungua kinywa tu, wewe utapiga lako kabatini, halafu mimi nitaunganisha. Hakuna atakayejua."

"Kwa hiyo uso wake, yowe langu."

"Filamu ndivyo zinavyotengenezwa."

"Na kwenye bango ataonekana nani?"

Akachukua kitambaa akaanza kufuta lenzi. Mume wangu akiulizwa jambo lisilo na jibu, hufuta lenzi. Siku ile aliifuta mpaka nikaionea huruma.

Jamani, wivu niliousikia hapo sikuwahi kuusikia hata siku ile ya kiti cha maua. Mwanamume aliyenikimbia alichukua nguo zake akaenda. Huyu hakuondoka. Alikuwa ndani ya nyumba yangu, ananyang'anya kitu kimoja nilichokuwa nacho, anampa mwingine, na bado anataka nimshonee huyo mwingine gauni.

Nikalishona. Nilimpima kiuno, na nilichokiona kwenye futi sitakisema.

Siku ya kurekodi ilikuwa mchana wa jua kali. Sisi usiku wetu tunautengeneza wenyewe: blanketi kwenye madirisha, taa moja chini sakafuni, mlango umezibwa na mkeka. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi umeme, kwa hiyo ndiye bwana taa na ndiye bwana sauti. Ana mikono miwili na kazi nne, na kichwa chake hakijawahi kutosha hata moja.

"Shemeji, mbona umenuna?" akanitania. "Leo umepumzishwa shuka. Ungemshukuru Mungu."

"Shika taa yako," nikamwambia.

Nikampaka Macho unga usoni. Mume wangu akasogea kuangalia, eti kwa ajili ya mwanga.

"Polepole," akasema. "Usimharibu."

"Kumharibu? Si mnataka mzuka?"

"Nasema taratibu tu. Ngozi yake ni laini."

Ngozi yake ni laini! Mimi alikuwa ananimwagia unga kutoka kwenye mfuko mpaka napiga chafya ndani ya shuka, hakuna aliyeulizia ngozi yangu. Nilimkata mume wangu jicho, hakuliona, macho yake yalikuwa kwa Macho.

"Mke wangu, damu iko wapi? Nataka itiririke mdomoni. Ya kwako ile nzuri."

Damu ni fani yangu. Wengine wanatumia rangi na maji, ikifika kwenye kamera inaonekana sharubati. Mimi nachemsha sukari mpaka iwe shira nzito, natia rangi ya keki, halafu kakao kidogo ili iive na isiwe nyekundu ya kitoto. Ukiionja ni tamu. Ndiyo maana waigizaji wetu wote wanapenda kufa.

Nikaenda jikoni. Shira ilikuwa tayari. Pembeni yake palikuwa na kopo la pilipili ya unga.

Wasomaji, mkono ndio uliolichukua lile kopo. Mimi nilikuwa nautazama tu.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Binti ataonja, atatema, atalia, atakimbilia nje na gauni langu. Mume wangu ataona kwamba kazi hii ina wenyewe. Atageuka, ataniangalia, ataniambia, "Vaa wewe." Nilikuwa nimeshaliandaa hata jibu langu. Ningemwambia nimechoka, nibembelezwe kwanza.

Nikarudi na bakuli. Nikampaka mdomoni kwa kijiko, nikambakizia nyingine aishike kinywani ili itiririke. Akaniangalia kwa yale macho yake. Nikageuza uso.

"Kimya!" mume wangu akasema. "Tunarekodi. Mzuka, toka kabatini. Taratibu."

Mlango wa kabati ukafunguka. Macho akatokea.

Mwanzoni hakuna kitu. Halafu macho yakaanza kuwa mekundu. Machozi yakashuka, yakachimba njia mbili kwenye ule unga. Midomo ikamvutika kwa pembeni, shingo ikatoa mishipa, mikono ikaanza kutetemeka, na damu ikamtoka kinywani, tena kwa mkupuo, ikashuka kifuani. Akafungua kinywa kama mtu anayetafuta hewa. Hakutoa hata sauti.

Shemeji nusura aangushe taa.

"Asikate mtu!" mume wangu akanong'ona, na mwenye kukata ni yeye mwenyewe. "Asikate mtu! Endelea, endelea, Mungu wangu, endelea!"

Aliposema kata, alikuwa na machozi. Shemeji akapiga makofi na taa mkononi, vivuli vikaruka chumba kizima.

"Umeona?" mume wangu akanigeukia. Naam, alinigeukia, kama nilivyopanga. "Umeona sura ile? Hii ndiyo sura niliyoitafuta maisha yangu yote! Tangu nianze kushika kamera!"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikichimba kwa pilipili, nikajitumbukiza kichwa chini miguu juu.

Macho alikimbilia jikoni, nikamsikia akisukutua mara kwa mara. Nilipoingia, alikuwa ameinama kwenye ndoo. Akainuka, pua inamtiririka, uso nusu unga nusu binadamu.

"Asante, dada," akaniambia.

Asante! Asante ya nini? Nikabaki nimesimama na bakuli langu. Afadhali angenizaba kofi.

Ikabaki kazi yangu mimi sasa, kumpa yowe.

Kabati lile lile la mzuka ndiyo studio yetu. Makoti na magauni ya wateja yananyonya mwangwi, sauti inatoka safi. Naingia, nakaa juu ya sanduku, maiki inaning'inia kwenye hanga mbele ya mdomo, navaa hedfoni, mlango unafungwa. Nikipiga yowe humo, mwenye kunisikia vizuri kuliko wote ni mimi mwenyewe.

"Subiri nitakugongea mlango," mume wangu akasema. "Ukisikia nimegonga, piga. Mkumbuke yule binti alivyotoka. Fanya kama ni wewe."

Fanya kama ni wewe. Mbele ya kabati langu mwenyewe!

Nikakaa gizani katikati ya makoti. Nikangoja kugongewa. Hodi haikuja. Badala yake, ndani ya hedfoni, nikasikia mtu anavuta kamasi. Kisha hatua. Kisha sauti ya Macho, karibu kabisa, utadhani ameniegemea begani.

"Kaka, umeshamwambia?"

Ilinichukua muda kuelewa. Maiki ndogo! Tulimbandika Macho maiki ndogo isiyo na waya ndani ya kola ya gauni, ili tunase pumzi zake. Shemeji, mwenye kazi nne, alisahau kuizima. Wapo sebuleni, mimi nipo kabatini, na nawasikia kuliko wanavyojisikia.

"Bado," sauti ya mume wangu ikajibu.

"Utamwambia lini? Mambo kama haya hayafichiki. Yatatoka tu."

"Punguza sauti. Nipe muda kidogo."

"Muda gani tena, kaka?"

"Akijua, nitampoteza. Wewe humjui mke wangu. Nitampoteza."

Halafu Macho akasema maneno matatu.

"Na mimi je?"

Hodi sikuisubiri. Yowe lilitoka lenyewe. Sikulipiga mimi, lilinipiga. Lilianzia tumboni, likapita kwenye kiti cha maua, kwenye keki ambayo hakuna aliyeikata, kwenye shuka la filamu tatu, likatoka na kila kitu. Nyumba ya jirani kitu kikaanguka. Nikasikia mtu barabarani akisema, "Leo wanatengeneza kweli!"

Mlango wa kabati ukafunguliwa kwa kishindo. Mume wangu, uso unang'aa.

"Hilo! Hilo hilo! Mdogo wangu, umelinasa? Sema umelinasa!"

Nikatoka na hedfoni shingoni, waya unaburuta koti la mteja. Nikamkamata shati.

"Mjibu," nikamwambia.

"Nimjibu nani?"

"Mjibu mzuka wako. Amekuuliza, na yeye je? Mjibu mbele yangu nisikie."

Uso wake ukazimika. Akamwangalia Macho aliyekuwa mlangoni. Macho akajishika kola. Shemeji akaziba mdomo kwa mkono.

"Loo," akasema. "Sikuizima."

"Dada," Macho akaanza.

"Usiniite dada! Dada yako anakupaka unga, anakushonea gauni, anakupa na sauti yake! Bado nini? Nikupe na kitanda? Si hicho hapo, lala!"

"Dada, mimi nina mchumba wangu, na mumeo simtaki hata kwa kusukumiwa. Samahani, kaka." Akamgeukia mume wangu. "Mwambie wewe, au nitamwambia mimi."

Mume wangu akakaa kitandani. Akatafuta kitambaa chake cha lenzi mfukoni, hakukiona. Ikabidi aseme.

"Filamu yetu ya tatu niliipeleka kwenye ukumbi wa sinema," akasema. "Ule mkubwa. Una mwenyewe mpya sasa. Akaiangalia yote, hakuinuka hata mara moja. Akasema ataionyesha hiyo inayokuja. Jina letu kubwa, pale nje, kwenye taa."

Ukumbi ule! Tulikuwa tukipita nje yake siku za uchumba wetu, ananionyesha mahali ambapo bango letu litakaa.

"Na hukuniambia?"

"Ana sharti. Anataka kwanza kumwona mwanamke anayepiga yowe. Akaniuliza, chini ya lile shuka kuna nani."

"Ukamwambia nani?"

Akainama kutafuta kitambaa chake chini ya kitanda.

"Nakuuliza, ukamwambia nani?"

"Nikamwambia, binti fulani."

"Binti fulani!"

"Sikupenda alivyouliza! Alirudisha lile yowe lako akalisikiliza tena na tena, amefumba macho. Mwanamume mzima anafumba macho kwa sauti ya mke wangu! Nifanyeje? Niliona wivu, basi! Umeridhika? Niliona wivu, nikatoka pale nikatafuta uso wowote wa kumpelekea."

Sasa wasomaji wangu, nyinyi ni ndugu zangu, siwafichi. Nilifurahi. Nilikuwa nimemshika shati na hasira ya kumla nyama, na huku ndani kuna kitu kinacheza ngoma. Kumbe yule Macho si kipenzi, ni pazia tu! Kumbe roho ilikuwa inamuuma na yeye!

Furaha ile haikudumu. Nikakumbuka.

"Kwa hiyo umenipokonya kazi yangu ili nisionekane."

"Nilikutaka wewe na niliutaka ukumbi. Nikadhani naweza kupata vyote."

"Mshika mawili moja humponyoka. Na unayetaka akuponyoke ni nani?"

"Hicho ndicho nilichokuwa namuuliza," Macho akadakia. "Huyo bwana anakuja leo kuniona. Akiniambia nipige yowe mbele yake, nitafanyaje? Yowe langu ni la paka aliyekanyagwa mkia. Nikasema, kaka, na mimi je? Utaniweka wapi?" Akanitazama. "Na dada, ile pilipili niliijua tangu tone la kwanza. Nilinyamaza kwa sababu hata ningekuwa mimi, ningetia. Tena zaidi."

"Pilipili gani?" mume wangu akauliza.

Macho akanikonyeza.

Gari likasimama nje. Shemeji akainua pembe ya blanketi, jua likaingia chumbani kama mgeni asiyealikwa.

"Kaka," akasema, "ni yeye. Amekuja mapema."

Mume wangu akaruka. Akamwambia Macho atoke ampokee, amzungushe maneno, ampe dakika ya kufikiri. Macho akatoka vile vile, unga usoni, damu kidevuni. Shemeji akamfuata. Mimi nikapiga hatua, nikaona mume wangu amefunga mlango wa chumba, amegeuza ufunguo.

"Wewe hutoki," akasema.

"Nikamwone tu. Nimwambie, mimi ndiye, nipige yowe moja, turudi na ukumbi wetu."

"Filamu isionyeshwe. Basi. Nimeacha. Hutoki."

"Umeacha? Wewe?"

Mtu huyu aliuza baiskeli yake kwa ajili ya taa. Alilala sebuleni akilinda kamera isiibwe, kitanda kipo. Leo anautupa ukumbi kama ganda. Nikamwangalia mkono. Aliuficha ufunguo mfukoni, akautoa, akauficha tena, akautoa.

"Mume wangu," nikasema polepole, "mtu haogopi hivi kwa sababu mwanamume amefumba macho. Ni nani huyo?"

"Nakuomba."

"Ni nani?"

"Nakuomba, mke wangu. Usiniulize."

Hapo ndipo nilipohisi kitu kinalialia shingoni kwangu. Hedfoni. Shemeji, Mungu amlinde na upumbavu wake, alikuwa hajaizima ile maiki hata baada ya kufumaniwa nayo. Nikaibandika hedfoni sikioni.

Nikasikia gauni likipigwa na upepo. Nikasikia geti.

"Karibu, bwana," Macho akasema. "Mimi ndiye mzuka."

Mtu akacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Mgongo wangu ukakitambua kabla ya akili.

"Umependeza," akasema. "Ila si wewe."

"Ni mimi, bwana. Ni vile sauti leo imekauka kidogo."

"Binti, sauti ile naijua. Hata ikifichwa chini ya mashuka mia, naijua. Nenda ndani, mwambie Kinanda nimekuja."

Nikamtazama mume wangu, amesimama na ufunguo wake. Alimrekodi yule mtu siku ya sherehe ya uchumba wangu wa kwanza, toka asubuhi mpaka wageni wanaaga. Pale ukumbini alimjua mara moja. Mwenzake hakumjua, maana nani humtazama mpiga video usoni? Akarudi nyumbani, akala, akalala pembeni yangu, hakusema neno.

"Wanasema nini huko?" akaniuliza.

Nikavua hedfoni. Nikaunyoosha mkono wangu kuelekea kwenye ufunguo.

"Wanasema bwana harusi amefika."